Umeambiwa “Jikaze,” Mwili Ukatii: Maswali na Majibu Kuhusu Kuyatazama Maumivu

Maswali ya namna hii huulizwa sana na watu wa Kisumu ambao kazi yao ni kukaa au kuinama kutwa: mafundi wa cherehani, wanabodaboda, akina mama wa samaki. Yote yanahusu maumivu yaliyodumu, na ushauri ambao wengi huushangaa: yatazame bila kujaribu kuyatawala.

Mgongo unaniuma tangu mwaka jana. Kuyatazama maumivu si ndiyo kule kuvumilia?

Sivyo. Anayevumilia ameuma meno, anasukumana na maumivu kimyakimya akingoja yachoke kabla yake. Anayetazama ameyageukia. Anataka kujua yako wapi hasa: ni upana wa kiganja au ncha ya kidole? Yanachoma, yanavuta au yanapwita? Yametulia mahali pamoja au yanatembea? Akishajua, hayaambii yaondoke wala hayaambii yabaki.

Ugumu wetu unaanzia kwenye lugha. Mtu akiumwa tunamwambia “jikaze.” Tunamaanisha apige moyo konde, lakini mwili haujui mafumbo. Ukiambiwa ujikaze, unajikaza.

Unajikaza vipi?

Nenda soko la Kibuye umwangalie fundi akitunga uzi kwenye sindano. Mabega yanapanda taratibu kuelekea masikioni, taya linabana, pumzi inasimama. Uzi ukipita, pumzi inarudi, lakini mabega hayashuki yote. Yanabaki juu kidogo, na kufikia saa kumi jioni yamekaa huko kutwa nzima. Muulize nani kayapandisha, atakushangaa.

Maumivu hufanya vivyo hivyo. Misuli iliyo karibu hukaza ili kuilinda sehemu inayouma. Kama umeteguka jana, ulinzi huo unakufaa. Ukiendelea kwa miezi, msuli uliokazwa huchoka na kuanza kuuma wenyewe, nawe unazidi kukaza kwa sababu sasa kunauma zaidi.

Kwani maumivu si ishara kwamba kuna kitu kimeharibika?

Yakiwa mapya, mara nyingi ndiyo. Yakipita miezi 3 huitwa maumivu sugu, na hapo ukubwa wa maumivu na ukubwa wa jeraha huenda visilingane tena. Jeraha linaweza kuwa limepona huku neva na ubongo vikiendelea kupiga kamsa. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango la maumivu, na kwamba ubongo nao una mkono katika kulifungua na kulifunga. Hii haina maana kwamba unajifanya mgonjwa. Maumivu ni ya kweli, na anayekuambia “ni akilini tu” hajakusaidia.

Kuna ushahidi, au ni mambo ya wazungu wa yoga?

Upo, ingawa si wa miujiza. Mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu kutazama namna hii huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mwaka 1993 watafiti Cioffi na Holloway walichapisha jaribio ambalo watu walitumbukiza mkono kwenye maji baridi sana. Walioambiwa wayafukuze maumivu akilini ndio waliochelewa kupata nafuu baada ya kuutoa mkono. Walioambiwa wayafuatilie walitulia mapema zaidi. Halafu mwaka 2016 ukatoka utafiti wa watu 342 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya wiki 26, asilimia 61 ya waliofundishwa kutazama walikuwa wanamudu shughuli zao vizuri zaidi, dhidi ya asilimia 44 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Waliopewa tiba ya mazungumzo walifika asilimia 58, kwa hiyo njia si hii peke yake.

Nianzeje?

Tandika mkeka, lala chali, kunja magoti. Dakika 10 zinatosha. Anza na mahali pasipouma, tuseme nyayo: joto lake, uzito wake juu ya mkeka. Panda polepole hadi kwenye maumivu, kaa pembeni yake kwanza, kisha ingia. Ukikuta msuli umekaza, usiuamuru ulegee. Tambua tu kwamba umekaza. Yakikuzidi, rudi kwenye nyayo au sikiliza matatu zinazopita nje. Kurudi si kushindwa.

Nimefanya wiki mbili na bado naumwa.

Nikuulize: ulikuwa unachungulia kila mara kuona kama yamepungua? Wengi hufanya hivyo, nami nimo. Hapo tumerudi kulekule kutawala, ila kwa adabu zaidi. Ni sawa na kumkaribisha mgeni huku umesimama mlangoni umemshikia viatu vyake. Na kuna siku maumivu yatabaki vilevile, ila utagundua umekaa na wajukuu saa nzima.

Nipumzike hadi yaishe?

Kwa mgongo sugu, kulala siku nyingi hudhoofisha misuli. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: tembea, fanya kazi nyepesi, ongeza kidogokidogo.

Na dawa niache?

Usiache uliyoandikiwa bila kumuuliza daktari. Ila kununua diklofenaki kwenye kemisti kila wiki bila kupimwa ni hatari kwa tumbo, figo na presha.

Ni wakati gani nisitazame, nikimbilie hospitali?

Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukilegea, nenda siku hiyohiyo. Kifua kikibana na maumivu yakashika mkono au taya, usingoje hata saa moja. Maumivu ya mgongo yakiandamana na homa, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu au kukonda bila sababu, pimwe. Kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo. Vivyo hivyo maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali.

Naweza kufanya nikiwa kwenye pikipiki?

Hapana, ndugu yangu. Ukiendesha, tazama barabara. Fanya ukiwa umeegesha stejini unangoja abiria, na uanze na vidole: utashangaa bado vimeushika usukani.