Mvua ilishapungua ndo maji yakaja: Desemba 2011 Dar, na jinsi Msimbazi unavyojaa

Kila masika yakikaribia naulizwa swali lilelile, we si mtu wa maji bwana, hivi mwaka huu Jangwani, lile bonde la mto Msimbazi hapa Dar, patajaa? Kazi yangu ni haidrolojia, napima mvua, mito na mitaro, na jibu langu linaanzaga na siku moja tuu, Jumanne ya Desemba 20 mwaka 2011, kwasababu siku ile nilikuwa Kigogo kwa mama mdogo, nimeshamaliza chuo, na bado nusura tufie ndani.

Nchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru siku 11 tuu nyuma, watu wanajiandaa na Krismasi, vuli inaelekea ukingoni. Usiku wa kuamkia ile Jumanne mvua ikashuka, na sio ile ya kunyesha ikapumzika, ilikuwa inapiga bati mpaka mkiongea lazima mpaze sauti. Alfajiri pale kwetu ikapungua ikawa manyunyu. Majirani wakatoka na mafagio kusukuma maji ya uani, mama mdogo akawasha jiko la mkaa barazani abandike chai, akaniambia "mwanangu hiyo imeisha, kajilaze kidogo." Nikaenda kujilaza kweli. Mpaka leo kitu kinachoniuma ni hicho, maana somo nilikuwa nalo kichwani ila nikawa naangalia mawingu ya Kigogo wakati maji yaliyokuwa yanakuja kwetu yalishanyesha sehemu nyingine kabisa.

Sasa ngoja nieleze hapa taratibu maana ndo penyewe. Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, unapita Kigogo, unaingia bonde la Jangwani afu unatokea baharini pale daraja la Salenda, na njiani unapokea vijito kibao kama Luhanga, Ubungo na Sinza. Kwahiyo mtu wa Kigogo au Magomeni Suna hanyeshewi na mvua yake peke yake, ananyeshewa na ya wote waliopo juu yake, ila ya hao wa juu inamfikia kwa kuchelewa. Maji ya mto yakienda mita mbili kwa sekunde, mwendo wa kawaida tuu kwa mto uliofura, kilomita 20 yanazimaliza chini ya masaa matatu. Hayo masaa ndo yanaua watu. Mvua kwako imekata, umepumua, umerudisha godoro chini, kumbe mzigo wenyewe ndo kwanza unapita Tabata.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipima milimita 156 ndani ya siku moja, na wakasema kiwango kama kile hakijaonekana Dar tangu 1954. Watu wakisikia milimita wanaona kitu kidogo kwasababu kwenye rula ni kidogo. Fanya hivi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba ya kawaida ya uswahilini tuseme lina mita za mraba 50, kwahiyo milimita 156 ni lita 7,800, ni mapipa 39 ya lita 200, kutoka paa moja tuu, na hapo hujagusa uwanja, barabara wala paa la jirani. Zamani Kinyerezi na Tabata zilikuwa mashamba na vichaka, udongo unakunywa sehemu nzuri ya hayo maji na kuyaachia polepole kwa siku kadhaa. Leo ni bati, zege na vumbi lililoshindiliwa, mapipa yote 39 yanaelekea mtaroni ndani ya dakika chache, na mtaro nao ukiukuta una chupa za plastiki, nguo kuukuu na mchanga mpaka nusu, basi maji yanachagua njia yake.

Na mchanga ni habari nyingine kubwa ambayo haizungumzwi inavyostahili. Ukikata miti kule juu na watu wakichimba mchanga kwenye kingo, ule udongo unasombwa unakuja kutua chini pale ambapo mto unapunguza kasi, yaani Kigogo kushuka Jangwani ambako ardhi ni bapa. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, nafasi chini ya madaraja inapungua, kwahiyo mvua ambayo zamani ilikuwa inapita chini ya daraja sasa hivi inapita juu. Afu huko mwisho kuna bahari. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likiwa limejaa, maji ya mto yanakosa pa kutokea, yanarudi nyuma na kutanda kwenye bonde lote. Watu wengi wanalaumu jaa peke yake, na taka kweli ni tatizo, ila hata ukifagia kalvati zote za Dar zikang'aa, Jangwani bado itajaa, maana lile ni bonde la mto na mto unapojaa hapo ndo kitandani kwake. Ndomana karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale imeshaingiliwa na maji mara kadhaa.

Nirudi ndani. Maji hayakuanzia mlangoni. Yalianzia kwenye tundu la bafu, yanabubujika na povu jeusi, mama mdogo akadhani limeziba akaleta mti wa kuzibulia. Ndani ya robo saa yalikuwa magotini, ya rangi ya udongo, yana harufu ya choo na dizeli. Friji lilianza kucheza, likainuka, likalala chali likawa linaelea kama mtumbwi. Tukakimbilia mlango wa nyuma unaofungukia nje kwenye uchochoro ambao ulikuwa chini kidogo, na kule nje maji yalishapita kiunoni. Tulisukuma watu watatu, haukutikisika.

Nilikuja kupiga hesabu baadae. Mlango wa upana wa sentimita 80, maji ya nje yakiwa na kina cha mita moja na ndani hakuna kitu, unasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 400. Ndani yakiwepo kidogo inapungua, ila sio kwa kiasi cha watu watatu kushinda. Kina kikiwa nusu mita nguvu ni kama kilo 100 tuu, maana kina kikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Kwahiyo ule mlango dakika kumi nyuma tungeufungua. Madirisha yote yalikuwa na nondo kwa ajili ya wezi. Kilichotuokoa ni kijana mpangaji wa chumba cha mbele aliyepanda juu ya kabati na panga, akapasua dari, akang'oa bati mbili, akamvuta mtoto wake kwanza, afu mama mdogo, afu mimi. Tukakaa juu ya bati kwa masaa mengi na mvua ikarudi tena. Kutokea pale juu tuliona paa jingine lina watu kama sisi, tukawa tunapungiana mikono, na baadae tulipoangalia tena lile paa halikuwepo.

Waliokufa kwenye mafuriko yale Dar nzima walizidi 40.

Baada ya pale neno likazunguka mtaani kwamba hii ni mvua ya miaka 57, kwahiyo tumeshalipa, wajukuu ndo wataiona tena. Naomba hili lifutike kabisa. Tukisema mvua ya miaka 50 tunamaanisha kila mwaka ina nafasi mbili kwenye mia, na mawingu hayana daftari la kuandika kwamba mwaka jana yalishakuja. Mtu akikaa bondeni miaka 30, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni karibu 45 kwa mia, karibu sawa na kurusha sarafu. Na hapo ni kama hali ya hewa na mji vingebaki vilevile, ambavyo havijabaki. Aprili 2014 mafuriko yalirudi yakaua, Mei 2015 yakarudi, Aprili 2018 yakarudi.

Baada ya mafuriko ya 2011 serikali ikawahamishia watu Mabwepande, mbali nje ya mji, viwanja wakapewa, mama mdogo akiwemo. Alikaa miezi kadhaa akarudi mjini. Nawasikia watu wanasema hawa wabishi, na mimi kauli hiyo inanikera sana, kwasababu anauza samaki wa kukaanga Ilala, lazima aamke saa tisa usiku, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula faida yote. Ukimhamisha mtu bila kuhamisha riziki yake atarudi tuu.

Kwahiyo kama upo bondeni na huna pa kwenda kwa sasa, nakuomba fanya yafuatayo mapema. Dirisha moja nondo zake ziwe za kufungua kwa ndani na ufunguo uning'inie palepale. Vyeti na hati vifungwe kwenye mfuko wa plastiki vikae darini. Maji yakianza kutokea bafuni usizibue, toa watoto muda huohuo wakati mlango bado unafunguka, na main swichi izimwe kabla sakafu haijalowa. Usivuke maji yanayokimbia hata kama yanaonekana ya kifundoni, sentimita 15 zenye kasi zinamwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kuinua gari dogo. Na baada ya mafuriko chemsha maji ya kunywa hata kama yanaonekana masafi, maana vyoo vyote vya mtaa vilishachanganyika na visima.

Mama mdogo sasa hivi amepanga Buguruni, kwenye mwinuko kidogo. Bado mvua ikikaza usiku ananipigia, na swali lake siku hizi ni moja, "mwanangu, Kinyerezi huko kunanyesha?" Nampigia rafiki yangu anayekaa kule, namuuliza, afu namrudia na jibu.