Put off: anayeahirishwa ni nani?

Wengi hukariri kwamba put off ni kuahirisha, wakaishia hapo. Siku wakikutana na "His manners put me off" wanakwama: mtu anaahirishwaje?

Nafundisha watu wazima Kiingereza, na kila mara nawasisitizia watazame kwanza kinachotendewa: ni jambo au ni mtu?

Kikiwa jambo, yaani kikao, mechi au safari, hapo kweli ni kuahirisha. "They put off the wedding until June": harusi imesogezwa hadi Juni, lakini ipo. Ingekuwa imefutwa kabisa, ungesikia called off. Tafadhali msichanganye hayo mawili kwenye barua za kazini, maana mtu anaweza kurudisha tiketi yake bila sababu.

Akiwa mtu, mambo yananoga. Kuna kumtoa mtu hamu: "The smell put me off my food", harufu ile ilinikata hamu ya kula. Kivumishi chake ni off-putting, kwa chochote kinachokufanya usikitake tena. Kuna kumvuruga aliyezama kwenye jambo: mchezaji anajiandaa kupiga penalti, mashabiki nyuma ya goli wanazomea na kupunga mikono "to put him off".

Halafu kuna ile ninayoipenda kuliko zote, kumpiga mtu danadana. Unadai pesa yako. Leo unaambiwa njoo kesho, kesho bosi kasafiri, keshokutwa mhasibu anaumwa. "He keeps putting me off." Kinachocheleweshwa ni malipo, ila sentensi inamtaja anayezungushwa, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Kuzima taa nako huku kwetu watu husema put off the lights. Utaeleweka, lakini kwenye mtihani andika turn off au switch off.

Kwenye sarufi, Kiswahili chetu hutuponza. Kwa kuwa tunasema "tuliahirisha kwenda", tunaandika "we put off to go". Sahihi ni "we put off going". Kitenzi kinachofuata huchukua -ing. Tena, nomino inaweza kukaa popote: put off the meeting, put the meeting off. Kiwakilishi hakina uhuru huo, lazima kikae katikati: put it off, put them off. "Put off it" si Kiingereza, hata mwalimu wako wa zamani awe aliipigia vema.