Soda, mandazi na nauli: tunavyokosea kuhusu vijana na kazi ya amani

Uchaguzi ukikaribia Kenya, vijana huitwa ukumbini wazungumze na wenzao wa kabila au ukoo wa pili. Wachache hutoka humo na kazi ya maisha. Wengi wetu tuliobaki nje tunazungumzia vikao hivyo kwa kubahatisha tu.

Dhana: Watu hufuata soda na nauli.

Ukweli: Vikao vingine ndivyo vilivyo, siwezi kukataa. Lakini kilichoandaliwa vizuri huwa na sharti moja gumu: kabla hujamjibu mwenzako, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kuwa ndicho alichosema. Mmoja anaeleza kwamba ng'ombe wao walichukuliwa usiku na polisi hawakutokea. Anayefuata anarudia: "Amesema sisi ni wezi." Hakusema hivyo. Rudia tena. Mara ya pili anakosea, ya tatu ananuna, ya nne jasho linamtoka na ukumbi mzima umenyamaza. Hapo ndipo baadhi ya vijana hugundua wana kipaji ambacho shule haikuwahi kuwapima. Msuluhishi anayelipwa hufanya jambo lilelile, ila mbele yake pana wazee au mawakili.

Dhana: Upatanishi ni wa wazee wenye mvi na mabalozi.

Ukweli: Muulize mtu wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1993, watu wa koo za Ajuran, Degodia na Ogaden walikuwa wakiuana, na hata sokoni mwanamke aliangaliwa ukoo kabla ya kuuziwa. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa 1964, na wanawake wenzake wachache walianzia hapohapo sokoni: kila mwanamke auze na anunue, na wakaweka watu wa kuangalia kama agizo linafuatwa. Kisha wakawaendea wazee. Ujanja ulikuwa kuwapa uongozi wa mazungumzo wazee wa koo ndogo zisizokuwa kwenye ugomvi. Septemba mwaka huohuo likatoka Azimio la Al Fatah, makubaliano ya koo hizo ya kurudisha amani.

Dekha alikuwa na umri wa miaka 29 hivi. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotambua mchango wa vijana katika amani, linamhesabu kijana kuwa wa miaka 18 hadi 29. Lilipitishwa Desemba 2015, miaka 22 baada ya Wajir.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyaita taaluma. Mwaka 1995 Wajir ikapata kamati ya amani iliyoketisha raia na maofisa wa wilaya pamoja, na mfano huo ukaigwa kwingine nchini. Mwaka 2007 Dekha akatunukiwa Right Livelihood, tuzo ya kimataifa ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo zilipolipuka, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Concerned Citizens for Peace, kundi la raia waliotafuta amani, meza moja na balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande.

Dhana: Amani hailipi.

Ukweli: Hulipa, ila kwa kusuasua. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuhimiza usuluhishi, na mwaka 2016 mahakama za Milimani, Nairobi, zikaanza kupeleka kesi kwa wasuluhishi waliosajiliwa: urithi, ndoa, biashara. Ipo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2008. Masomo ya amani yapo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, na chuo cha Hekima jijini Nairobi. Tatizo ni mikataba ya kazi ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Mingi huzaliwa kampeni zikianza na kufa matokeo yakitangazwa, kwa hiyo anayetegemea hiyo pekee ajue kuna miezi ya njaa.

Dhana: Ukishapata cheti cha semina, wewe ni mpatanishi.

Ukweli: Siku tatu hotelini hazitoshi. Kama kikao kimekuwasha moyo, nenda kwa kamati ya amani ya kwenu uombe kazi ambayo hakuna anayeigombea, ya kuandika kumbukumbu. Utalazimika kuandika alichosema kila mmoja, hata yule aliyeitukana familia yako, kisha umsomee mbele ya wote aseme kama umepatia.