Bunduki ya Kizamani Iliyobadilishwa Mtutu: Dhana Potofu na Ukweli

Nairobi hukosi mtu aliyerithi bunduki ya risasi moja moja, Martini au nyingine ya rika lake, iliyowahi kufungwa mtutu mpya na fundi asiyejulikana. Swali la kwanza huwa moja: inakula risasi gani? Majibu mengi yanayotolewa kwa swali hilo ni ya hatari.

“Soma alama iliyochongwa kwenye mwili.”

Alama hiyo inaeleza bunduki ilivyotoka kiwandani, basi. Mtutu hufunguliwa ukafungwa mwingine, na si kila fundi alijisumbua kuchonga kipimo kipya. Chukua Martini Cadet, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya vijana wa mafunzo ya kijeshi Australia, ikitumia risasi ya .310 (namba hizi ni kipimo cha risasi kwa inchi). Zilipoingia mikononi mwa raia, nyingi zilitiwa mitutu ya .32-20, .22 Hornet, hata .357 Magnum. Mwili ni ule ule na alama ni ile ile. Hata mtutu wake wa asili una mtego: kichwa cha risasi ya .310, yaani kile kinachoruka, kina kipenyo cha takriban inchi 0.32, cha .32-20 ni 0.312. Hicho chembamba hupita bila kushika vizuri mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha, na shabaha hupotea.

“Risasi ikiingia na mlango wa nyuma ukafunga, ndiyo yenyewe.”

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Bunduki ya magazini angalau huweza kuikataa risasi isiyo yake, lakini ya risasi moja moja hufunga nyuma ya chochote kinachoingia chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ganda jembamba ndani ya chemba pana hupasuka, na gesi hurudi usoni mwa mpigaji. Kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba hupandisha shinikizo: risasi ya Kijerumani ya 8x57 ya zamani ina kichwa cha inchi 0.318, iliyoifuata 0.323, na maganda yake yanalingana. Tofauti ya inchi 0.005 huwezi kuiona kwa jicho.

Njia ya kuaminika ni kumimina umbo la chemba. Hakikisha bunduki ni tupu, ondoa mtambo wa nyuma ili chemba iwe wazi, safisha, kisha paka mafuta membamba sana. Ziba mtutu kwa kitambaa sentimita moja au mbili mbele ya chemba. Yeyusha Cerrosafe, aloi inayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi. Maji ya Nairobi huchemka karibu na 94 kwa sababu ya mwinuko, lakini bado yanatosha. Tumia kopo la kutupa, maana aloi hiyo ina madini ya risasi na kadimiamu. Sufuria ya ugali iache jikoni. Mimina, na ikishaganda isukume nje kwa fimbo kutoka mdomo wa mtutu. Usiiache ndani ikae, kwa sababu hunywea kwa nusu saa ya kwanza kisha huanza kutanuka. Ipime saa moja baada ya kumimina, inapokuwa na ukubwa wa chemba yenyewe: ukingo, kitako, bega, shingo na urefu. Vipimo hivyo ndivyo vya kulinganisha na michoro ya risasi.

“Kipenyo cha mtutu kipime kwa kalipa mdomoni.”

Mdomo huwa umelika kwa fimbo za kusafishia. Pitisha kipande cha madini laini ya risasi mtutu mzima, kisha pima alama zake. Mifereji ikiwa 5, kama kwenye mitutu mingi ya Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, au 7 kama ya Martini-Henry, hakuna mfereji unaotazamana na mwenziwe, kwa hiyo maikromita ya kawaida itakudanganya. Inatakiwa yenye kitako cha umbo la V.

“Chuma cha zamani ni kigumu, kitahimili.”

Martini-Henry iliingia jeshini mwaka 1871, enzi za baruti nyeusi, ile ya kale yenye shinikizo dogo kuliko isiyo na moshi. Mtutu mpya haufanyi mwili wake kuwa mpya. Tafuta alama ya NP ya Uingereza, inayothibitisha kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, isipokuwepo, usidhani kwamba ilijaribiwa. Tazama pia pini inayogonga fataki: ikicheza kwenye tundu lake, fataki hutoboka.

“Ukijijazia maganda, punguza baruti tu.”

Baruti isiyo na moshi ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa huacha nafasi, na kipimo kikimiminwa mara mbili hutakitambua. Baruti nyeusi nayo haitakiwi kuachiwa nafasi ya hewa. Usibadilishane kipimo cha hizi mbili, kwa uzito wala kwa ujazo. Fuata jedwali lililochapishwa kwa risasi hiyo na kwa nguvu ya mwili huo.

“Nikishajua kipimo, nakwenda dukani.”

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakataza kununua au kumiliki risasi bila cheti. Cheti kikisema .310 na chemba ikasema .32-20, peleka suala hilo kwanza kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Kisha fundi mwenye leseni apime nafasi kati ya mlango na ukingo wa ganda kwa geji, na mlio wa kwanza ufyatuliwe kwa kamba, bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi. Ganda likitoka limevimba kitakoni au lina ufa, ya pili haipigwi.