Ndoa mbili, talaka ngapi? Yanayosemwa mitaani na yaliyomo kwenye sheria

Mama mmoja alitujia, sisi wasaidizi wa kisheria, na bahasha ya kaki iliyochakaa. Akatoa cheti cha ndoa ya bomani, kisha karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kwenye karatasi hiyo mumewe alikuwa ameandika kwa mkono kwamba "ameachana kwa amani" na mke aliyefunga naye ndoa kanisani miaka mingi kabla, na wazee wawili wametia dole gumba. Mama huyu alikuwa ametunza karatasi ile kama hati ya nyumba. Sasa amechoshwa na kipigo, anataka talaka.

Ilinibidi nimweleze jambo gumu: hana ndoa ya kuvunja. Wengi wanaofika kwetu wamebeba maelezo waliyopewa barazani, sokoni au kwa mashemeji, na maelezo hayo ndiyo yanayowapoteza. Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar sheria hii haitumiki.

"Tuliandikishana mbele ya wazee, tukaachana."

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Wazee wanaweza kusuluhisha, wanaweza hata kugawanya vyombo, lakini hawavunji ndoa. Ndoa huvunjwa na mahakama au na kifo. Hata kutengana miaka mitatu na zaidi hakujawa talaka. Ni ushahidi tu unaoweza kumsaidia hakimu kuona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Aliyetoweka miaka mitano bila waliopaswa kupata habari zake kusikia lolote, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki, ila dhana hiyo huanguka ikithibitika yu hai. Kwa hiyo kabla ya kuolewa au kuoa tena, pitia mahakamani kwanza.

"Mwanamume hafungwi na ndoa moja, anaoa tu."

Inategemea alivyofunga ile ya kwanza. Ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo. Nyingine, na ya bomani imo humo, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja akifunga nyingine, hiyo ya pili ni batili tangu siku ya kwanza, hata kama kulikuwa na keki, shela na cheti chenye muhuri. Wanandoa wanaweza kubadili aina ya ndoa yao, lakini ni kwa tamko la wote wawili, kwa hiari, mbele ya jaji au hakimu. Wakristo wawili waliofunga kanisani hawawezi kuigeuza kuwa ya wake wengi maadamu wote bado ni waumini. Mwanamke aliyeolewa, kwa ndoa ya aina yoyote, hawezi kuolewa na mwingine.

Hapo ndipo lilipo kosa la pili: watu hudhani mume akimpa talaka bi mkubwa leo, ya bi mdogo inajihalalisha yenyewe. Sivyo. Iliyozaliwa batili haifufuki. Wakitaka kuwa mume na mke, wafunge upya baada ya talaka ya kwanza kutolewa. Na asiyetaka tena, kama yule mama, haombi talaka. Anaiomba mahakama itamke kwamba ndoa ile ilikuwa batili.

"Amenitamkia talaka tatu, kesi imekwisha."

Mbele ya dini hayo ni mazungumzo mengine, na siyadharau. Kwa sheria ya nchi kuna mpangilio. Kwanza shauri liende Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, likishindwa kuwapatanisha litoe hati, ile watu wanayoiita Fomu Namba 3. Ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu na baada ya hati hiyo talaka ikatamkwa, mahakama inalazimika kuona ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Aliyetamka kabla ya Baraza amelikata shauri kichwa chini miguu juu. Nimeona mashauri yakiondolewa kwa sababu hati ilikosekana au ilijazwa ovyo, mtu akarudi kuanza moja na nauli imeisha. Kifungu cha 101 kina wachache wanaosamehewa hatua hii: mfano, aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko.

Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza talaka. Huhitaji kwenda Mahakama Kuu.

"Akiachwa mmoja, nyumba yote inavunjika, na bi mdogo hana chake."

Kila ndoa husimama peke yake. Mume wa wake wawili akiachana na mmoja, ya mwingine haiguswi. Kifungu cha 57 kinasema wazi kwamba wake wa mume mmoja wana haki sawa na hadhi sawa kisheria; neno "mkubwa" halimpi mtu shamba. Kwenye mali, mahakama huangalia kila mmoja alichangia nini kwa fedha, mali au kazi, na tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Tunza risiti, majina ya mafundi, tarehe ya kununua kiwanja. Wa ndoa batili ana mlima mrefu zaidi, kwa hiyo anahitaji vielelezo hivyo kuliko wengine.

Yule mama hakuuliza kuhusu kiwanja. Aliuliza kama watoto wake watatu sasa wataitwa wa nje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na baba yao anadaiwa matunzo vilevile, ndoa iwe imesimama au haikusimama. Aliniomba nimwandikie hilo. Nikaliandika nyuma ya ile karatasi ya wazee, akairudisha kwenye bahasha.