Cheti cha moduli si ushahidi wa huduma salama kwa Mwaborijini

"Nimemaliza moduli, nimepata asilimia mia, kwa hiyo huduma yangu ni salama kitamaduni." Kauli hii ya wanafunzi wa afya Australia, wanaosoma kozi ya kompyuta kuhusu kuwahudumia Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, inachosha, maana inapindua jambo zima. Dhana ya usalama wa kitamaduni iliasisiwa na wauguzi wa Kimaori huko New Zealand, akiwemo Irihapeti Ramsden, na kiini chake ni kwamba anayepokea huduma ndiye anayesema kama ilikuwa salama. Australia nayo imeshika msimamo huo: waamuzi ni Mwaborijini mwenyewe, familia yake na jamii yake. Alama za kompyuta hazimo.

Kosa huanzia kwenye muundo wa kozi. Ukimpa mwanafunzi slaidi za ngoma, vyakula na koo, kisha maswali ya kuchagua jibu, atakariri habari za watu wengine bila kujitazama hata kidogo. Kozi ipangwe hivi badala yake: wiki ya kwanza aandike anavyomfikiria mgonjwa anayekatiza matibabu na kuondoka wodini. Kisha asome jinsi serikali zilivyowanyang'anya wazazi wa Kiaborijini watoto wao hadi miaka ya 1970. Hapo ataelewa kwa nini bibi anasita kumwacha mjukuu hospitalini. Yafuate mazoezi ya mazungumzo: mgonjwa amenyamaza, na mwanafunzi akirukia swali la pili, skrini imwonyeshe jibu alilolikatiza. Mwisho viwepo vikao vya moja kwa moja, vya watu wachache, visivyorekodiwa, chini ya mwalimu Mwaborijini anayelipwa ujira kamili. Kumwomba ajitolee ni dharau, tena imezoeleka mno.

Wanafunzi wana kauli nyingine pia. "Mimi nawahudumia wote sawa." Aliyepoteza usikivu kwa sababu ya masikio kutoa usaha tangu utotoni hatafaidika na maelekezo ya harakaharaka uliyompa jirani yake.

"Amesema ndiyo, basi ameridhia." Wengine huitikia ndiyo kwa heshima, au ili maswali yaishe. Mwombe akueleze kwa maneno yake dawa atainywa vipi.

Kutomtazama mgonjwa machoni si kanuni ya Waaborijini wote. Mfuate yeye anavyokaa na kutazama.

Wala si wote wanaoishi jangwani. Wengi wako mijini, na rangi ya ngozi haikuambii kitu, kwa hiyo swali la kama ana asili ya Kiaborijini aulizwe kila mgonjwa mapokezini, kwa maneno yaleyale.