Kumnyima mgonjwa sukari hakuui uvimbe wa ubongo

Mama mmoja wa Muhoroni alikuja kutuona Kisumu na mwanawe, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo. Kijana amekonda, mashavu yamebonyea. "Daktari, sukari tumemkatia kabisa," mama akasema. "Uji anakunywa mtupu, ugali kidogo tu, ndizi hagusi. Tuliambiwa saratani inakula sukari." Na nyumbani kwao miwa imewazunguka pande zote.

Aliyewaambia hivyo hakutunga uongo. Alishika mkia wa ukweli, kichwa hakukiona.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati, na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari inayosafiri kwenye damu. Seli yenye afya huichoma glukosi kwa oksijeni ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, mpaka ibaki hewa ya kaboni na maji. Molekuli moja huipa seli takriban ATP 30, yaani vijisarafu vya nishati ambavyo seli hulipia kila kazi. Uvimbe mkali kama glioblastoma una tabia nyingine. Oksijeni ipo, lakini sehemu kubwa ya glukosi huachiwa njiani: seli inapata ATP 2 tu na kumwaga nje asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa lala kwenye kibuyu. Mjerumani Otto Warburg aliiona tabia hii ya saratani miaka ya 1920, akadhani mitokondria zimeharibika. Mara nyingi ni nzima.

Sasa hasara yote hiyo ya nini? Fundi anayejenga mbio hachomi mbao zote jikoni. Nyingine anazitaka kwa paa. Kaboni ya glukosi ndiyo mbao zenyewe, hujenga DNA na mafuta ya kuta za seli mpya. Hata ile asidi haimwagwi bure, kwani huzidhoofisha seli za kinga zinazosogea karibu. Tena uvimbe hauli glukosi peke yake, hula pia glutamini, kijenzi kimoja cha protini, na mafuta.

Ndiyo maana kukata sukari hakusaidii. Mtu asipokula wanga, ini hutengeneza glukosi lenyewe, hata kwa kubomoa misuli. Mapaja ya kijana yule ndiyo yaliyokuwa yakigeuzwa glukosi. Mlo wa mafuta mengi bila wanga unaendelea kuchunguzwa, ila haujathibitishwa kurefusha maisha ya wagonjwa hawa. Jambo moja tu: dawa za steroidi, ambazo hutolewa kupunguza kuvimba kwa ubongo, hupandisha sukari ya damu, kwa hiyo ipimwe, hasa kwa mwenye kisukari.

Mimi matumaini yangu nayaweka kwingine. Mwaka 2008 watafiti waligundua kwamba baadhi ya uvimbe wa ubongo una badiliko katika jeni ya kimeng'enya kiitwacho IDH, protini iliyo mmojawapo wa wafanyakazi wa umetaboli, yaani kazi ya seli ya kugeuza chakula kuwa nishati na vijenzi. Kikibadilika, huanza kutengeneza kitu kigeni, 2-haidroksiglutarati, ambacho hujazana na kuvuruga swichi za jeni. Seli hukataa kukomaa, ikawa kazi yake ni kuzaana tu. Dawa iitwayo vorasidenib hukizuia kimeng'enya hicho. Ni kidonge cha mara moja kwa siku. Katika jaribio la wagonjwa 331 wenye uvimbe unaokua polepole, ambao tayari walikuwa wamepasuliwa, waliokimeza walikaa kwa wastani wa kati wa miezi 27.7 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, miezi 11.1. Marekani iliiidhinisha Agosti 2024. Si ya glioblastoma, ambayo haina badiliko hilo, na bei yake inatisha. Upasuaji, mionzi na kemotherapia bado ndiyo nguzo za matibabu.

Lakini hakuna atakayejua kama dawa hiyo inamfaa mgonjwa iwapo IDH haijapimwa. Kipande cha uvimbe wa kijana yule kilikuwa kingali maabara, kimehifadhiwa kwenye nta, hakuna aliyekipima. Tukaagiza kipimo. Mama akauliza kama, wakingoja majibu, anaweza kumpikia uji wa wimbi wenye maziwa. Nikamwambia apike, na sukari kijiko kimoja atie.